Gunia la Mahindi Juu ya Ncha ya Almasi

Matokeo ya UE yalinikuta nyumbani Babati, kwenye ghala la mahindi la mjomba, si mbali na stendi. Nilifungua akaunti ya chuo kwa simu, bando likisuasua, na nikaona kile nilichokuwa nakiogopa tangu siku ya mtihani: sup moja, Fizikia ya Mango. Wanachuo wenzangu, hesabu yake mnaijua. Unarudi kabla ya wenzako, unafanya tena, na ukifeli tena ndipo unaanza kuongea na ndugu zako kwa sauti ya chini.

Mjomba aliniona uso umebadilika. Akauliza, nikamwambia. Alidhani nimefeli hesabu. Nikamweleza kwamba kilichoniangusha ni swali moja la alama 20: kwa nini mada yenye matabaka, ikibanwa sana, inaweza kuanza kupitisha umeme bila ukinzani wowote.

"Haya, mjomba, nieleze na mimi," akasema, akavuta kiti.

Nilianza. Baada ya dakika mbili nikagundua kwamba nilichokuwa nacho kichwani ni sentensi za Kiingereza nilizokariri usiku wa kuamkia mtihani. Kila nilipojaribu kuzisema kwa lugha ya pale ghalani zilikatika. Mjomba hakucheka. Alisema tu, "Kumbe waliokusahihisha hawakukuonea."

Makala hii ni yale maelezo niliyomalizia kumpa wiki tatu baadaye. Nayaandika hapa kwa sababu najua siko peke yangu niliyeingia kwenye chumba cha mtihani na maneno ambayo hayajawahi kuwa yangu.

Tuanze na kitu kilicho mkononi

Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, aliwahi kuchimba Mirerani. Watu wengi wanaposikia Mirerani wanawaza tanzanaiti tu, na mwaka 2020 Saniniu Laizer alipouza mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, nchi nzima iliwaza hivyo. Lakini muulize mwanaapolo yeyote anapanda juu akiwa na rangi gani. Ni mweusi tii, anang'aa kama amepakwa grisi. Weusi ule ni kinywe. Tanzanaiti ya Mirerani inakaa ndani ya miamba iliyojaa kinywe, na kaka alirudi na kipande kimoja ambacho mama alikuwa anakiwekea mlango usijifunge.

Mirerani iko Simanjiro, mkoa wetu huuhuu wa Manyara, ingawa ukitoka Babati kwa basi lazima uzunguke kupitia Arusha. Nilikichukua kile kipande nikakisugua kwenye karatasi. Kiliandika kama penseli, na si ajabu, maana risasi ya penseli si risasi. Ni kinywe kilichochanganywa na udongo.

Kwa nini kinaandika? Kinywe ni kaboni iliyojipanga katika matabaka. Ndani ya tabaka moja, kila atomu imeshikana na jirani zake watatu kwa nguvu kubwa mno. Lakini kati ya tabaka na tabaka hakuna mshikamano wa namna hiyo, kuna mvutano dhaifu tu. Fikiria chapati iliyosukumwa vizuri, iliyopakwa mafuta na kukunjwa kabla ya kuchomwa. Kila ngozi ni ngumu kiasi chake, lakini ngozi moja inachambuka kutoka kwa nyingine bila taabu. Ukiburuza penseli kwenye karatasi unachambua chapati ya kaboni.

Kinywe kina ndugu anayeitwa molibdenaiti, yaani molibdenamu na salfa, ambaye wanakemia wanamwandika MoS2. Huyu naye ni wa matabaka, na mafundi wa magari wanamtumia kwenye ile grisi nyeusi ya viungo vya ekseli. Matabaka yake yanateleza, ndiyo maana yanalainisha.

Na hapa Manyara inaingia tena. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na John Jaszczak wa Michigan Technological University, Marekani, walitangaza madini mapya kabisa kutoka machimbo ya tanzanaiti, wakayaita merelaniti, kwa jina la mahali yalipopatikana (wataalamu wa miamba huandika Merelani badala ya Mirerani). Ni vijiti vyembamba vya kijivu kilichoiva, na ukivitazama kwa hadubini kila kijiti ni matabaka yaliyoviringishwa kama mkeka. Tabaka moja ni la aina ya MoS2, linalofuata ni la risasi na salfa, kisha linarudi la kwanza, hivyo hivyo mpaka mwisho. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa madini kiliyapa heshima ya kuwa madini ya mwaka 2016. Sisemi kwamba merelaniti ni supakondakta. Nasema kwamba swali lililoniangusha linahusu familia ya vitu ambavyo ardhi ya mkoa wangu inavitengeneza yenyewe, na mimi nilikuwa nimelikariri kama habari ya sayari nyingine.

Supakondakta ni nini

Waya wa shaba unapitisha umeme, lakini unatoza ushuru njiani. Elektroni zinapopita zinagonga mitetemo ya atomu na kasoro za waya, na sehemu ya nishati inageuka joto. Huo ndio ukinzani. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walipoza zebaki hadi kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Ukinzani haukupungua tu, ulitoweka. Kitu kinachofanya hivyo ndicho supakondakta. Zaidi ya kupitisha umeme bila ushuru, kinasukuma uga wa sumaku nje ya mwili wake, na ndiyo maana sumaku inaweza kuelea juu yake.

Maelezo ya kwanza yaliyokubalika yalikuja mwaka 1957 kutoka kwa Bardeen, Cooper na Schrieffer. Elektroni zina chaji ya aina moja, kwa hiyo kwa kawaida zinasukumana. Lakini zinaishi ndani ya mpangilio wa atomu ambao unabonyea. Waliowahi kubebana hosteli wananielewa. Watu wawili wasiopendana wakilala kwenye godoro moja lililochoka, mmoja akitengeneza bonde katikati, mwenzake atajikuta anaporomokea humohumo. Elektroni ya kwanza ikipita inavuta atomu kidogo, bonde linabaki kwa muda mfupi, ya pili inavutwa na bonde lile. Mfano una mipaka yake, kwa sababu elektroni za jozi moja zinaweza kuwa mbalimbali kabisa, na mamilioni ya jozi nyingine zimepita katikati yao. Ila wazo lenyewe ni hilo: godoro linafanya kazi ya mshenga.

Jozi zikishapatikana zote zinakwenda kwa mwendo mmoja. Kizuizi kidogo hakiwezi kuitoa jozi moja kwenye safu, kwa sababu kuivunja kunahitaji kiasi fulani cha nishati. Joto linaweza kuivunja. Ndiyo maana baridi ni lazima.

Gunia

Sasa kubana. Neno letu la shule ya msingi, kanieneo, limebeba kanuni yote ndani yake: kani juu ya eneo. Kani ileile, eneo likipungua, kanieneo inapanda.

Nilimwonyesha mjomba gunia lake la kilo 100 lililolala sakafuni. Uzito wake ni kama nyutoni 980. Likilala kwenye nusu mita ya mraba, linaibana sakafu kwa paskali 2,000 hivi, ambayo ni kidogo sana kuliko hewa inavyotubana sisi sote sasa hivi. Kisha nikamwambia awaze gunia hilohilo limesimama juu ya ncha yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Eneo la duara hilo, ukipiga pai mara nusu kipenyo kwa kipeo cha pili, ni mita za mraba 0.00000000785. Gawanya. Unapata paskali bilioni 125, yaani gigapaskali 125.

Mjomba alinifanya nirudie hesabu kwenye kikokotoo chake cha kupimia mahindi. Ilitoka ileile.

Gigapaskali 125 ni kanieneo inayokaribia ile ya mpaka kati ya vazi la dunia na kiini chake, kilomita 2,900 chini ya miguu yetu. Na unaweza kuifikia kwa uzito wa gunia moja, mradi uwe na ncha isiyopondeka. Ncha hiyo ni almasi. Chombo chenyewe, fuawe la almasi, kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Almasi mbili ndogo zinaelekezana ncha kwa ncha, kati yao kuna kibati chenye tundu, na ndani ya tundu kuna chembe ya kitu kinachochunguzwa. Chombo kizima kinaenea kiganjani. Skrubu zake zinaweza kukazwa kwa mkono. Na kwa kuwa almasi inapitisha mwanga, mtafiti anachungulia ndani wakati anabana. Kinachonifurahisha ni kwamba almasi na kinywe ni kaboni ileile, ndugu wa tumbo moja. Anayeteleza ni mmoja, anayebana ni mwingine.

Matabaka yakibanwa

Hapa ndipo nilipopotezea alama. Niliandika "kanieneo inapunguza umbali kati ya atomu" nikaweka nukta. Msahihishaji aliandika pembeni: "Kwa hiyo?"

Kwa hiyo hivi. MoS2 ya kawaida ni semikondakta. Waza ukumbi wa lekcha. Viti vya chini vimejaa, hakuna anayeweza kusogea hata hatua moja. Juu kuna roshani tupu, lakini hakuna ngazi. Hata ukiwaambia watu watembee, hawana pa kwenda. Elektroni za MoS2 ziko hivyo: ngazi za chini za nishati zimejaa, za juu ziko wazi, na katikati kuna pengo.

Ukianza kubana, kinachosogea kwanza ni ile nafasi legevu kati ya matabaka, kwa sababu ndiyo dhaifu. Ngozi za chapati zinakaribiana. Elektroni za tabaka moja zinaanza kuhisi tabaka la jirani, na ngazi za nishati zinatanuka. Ni kama roshani inashuka taratibu. Kwenye makumi ya gigapaskali roshani inagusa sakafu, pengo linafungika, watu wanasambaa. Semikondakta imekuwa metali.

Lakini metali bado si supakondakta. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba walipoendelea kuibana MoS2, kwenye gigapaskali 90 hivi ukinzani ulianza kutoweka katika baridi kali, na ilipopita gigapaskali 120 hali hiyo ilidumu hadi karibu kelvini 12. Hilo ndilo gunia la mjomba. Kubana kumefanya mambo mawili kwa pamoja: kumeongeza elektroni zilizo huru kushiriki, na kumebadilisha ugumu wa godoro, yaani mitetemo ya atomu inayozifungisha ndoa.

Hayo mawili yanaweza pia kupingana. Risasi ni supakondakta chini ya kelvini 7.2. Ukiibana, kiwango chake kinashuka, kwa sababu godoro likiwa gumu mno halibonyei. Anayesema "kubana kunaleta supakondakta" hajamaliza sentensi.

Kinywe nacho kina kisa chake. Peke yake, ukikibana hakifuati njia ya MoS2. Lakini ukipenyeza atomu za kalsiamu kati ya matabaka, kama mafuta kati ya ngozi za chapati, unapata kitu kinachoandikwa CaC6. Mwaka 2005 kilionekana kuwa supakondakta kwenye kelvini 11.5 bila kubanwa kabisa. Kilipobanwa kwa gigapaskali 7.5, kilipanda hadi takribani kelvini 15.

Faida yake nini?

Hili lilikuwa swali la mjomba, na ni swali la haki. Hakuna atakayejenga nguzo za umeme kutoka Babati hadi Singida zikiwa zimebanwa kati ya almasi. Chembe inayobanwa ni ndogo kuliko punje ya chumvi, na inabidi ipozwe kwa heliamu. (Heliamu nayo tunayo dalili zake: imetafutwa Rukwa, na hapa mkoani kwetu kwenye ziwa Balangida, Hanang.)

Jibu lililonituliza ni la mwaka 1987. Mwaka mmoja kabla, Bednorz na Müller, huko Uswisi, walikuwa wamegundua kwamba oksidi ya shaba yenye lanthanamu na bariamu, kitu cha matabaka pia, ni supakondakta kwenye kelvini 30 na kitu. Paul Chu na kundi lake, Houston, wakaibana. Kiwango kikaruka kupita kelvini 50. Wengine wangeishia kufurahia namba. Wao waliuliza: kama ikikaribiana inafanya vizuri, si tuweke atomu ndogo zaidi ndani yake, ili ijibane yenyewe? Pamoja na kundi la Maw-Kuen Wu la Alabama wakaondoa lanthanamu, wakaweka itriamu, ambayo ni ndogo. Kiwango kikafika kelvini 93. Bila fuawe, bila almasi, kwenye hewa ya kawaida.

Hivyo ndivyo ninavyoelewa kubana sasa. Fuawe ni la kuuliza swali. Likijibu "ndiyo", mwanakemia anatafuta namna ya kupata hali ileile bila fuawe. Jambo hilo linaendelea. Mwaka 2023 oksidi ya nikeli na lanthanamu, ya matabaka, ilionekana kuwa supakondakta karibu na kelvini 80 ikibanwa kwa zaidi ya gigapaskali 14. Mwishoni mwa 2024 watafiti wakaikuza kama utando mwembamba juu ya kitu chenye nafasi ndogo kidogo za atomu, ili utando ulazimike kujibana. Dalili zikaonekana kwenye kelvini 40 hivi, bila fuawe.

Tahadhari moja, maana magrupu yetu ya WhatsApp hayakosi habari za "supakondakta wa joto la kawaida". Mwaka 2023 tulisambaziwa LK-99 kama wokovu wa umeme, na maabara nyingine zilipojaribu hazikuipata. Mwaka huohuo jarida la Nature lilifuta makala ya Ranga Dias na wenzake kuhusu jambo kama hilo, baada ya kufuta nyingine mwaka 2022. Ukiona tangazo, uliza vitu viwili: je, ukinzani umefika sifuri kweli, na je, uga wa sumaku umesukumwa nje? Kimoja bila kingine hakitoshi.

Mtungi wa mtaalamu wa mifugo

Namba 93 ina maana kubwa kwa sababu ya namba nyingine: 77. Naitrojeni inakuwa kimiminika kwenye kelvini 77, na naitrojeni si mali adimu. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, kinahifadhi mbegu za madume ya ng'ombe ndani yake. Wiki ile ya mwisho kabla sijarudi chuo, mtaalamu wa mifugo alikuja kwa jirani yetu kumpandisha ng'ombe wa maziwa. Alifungua mtungi wake, mvuke mweupe ukamwagika chini kama ukungu wa mlima Kwaraa asubuhi. Nilisimama pale nikashikwa na butwaa. Baridi iliyokuwa ndani ya ule mtungi, kwenye banda la ng'ombe Babati, inatosha kabisa kuigeuza ile oksidi ya itriamu kuwa supakondakta.

Nilimwita mjomba aje aone. Akachungulia, akauliza, "Kwa hiyo hapa ile yenu ya kubana haihitajiki tena?"

Nikamwambia ilihitajika mara moja, Houston, mwaka 1987.

Sup nimeifanya. Swali la kubana halikuja, lilikuja la uwezo wa mango kubeba joto, nikapita kwa C, na C haina hadithi. Lakini nina pendekezo kwa wenzangu wa fizikia na kwa uongozi wa umoja wetu. Kidonge cha oksidi ya itriamu, sumaku ndogo, na lita mbili za naitrojeni kwenye mtungi kama ule. Wiki ya kupokea mwaka wa kwanza, tuelee sumaku mbele ya watu, na mwenye kueleza aeleze kwa Kiswahili, mpaka mpishi wa kantini akisema ameelewa. Mimi nitaleta kipande cha kinywe. Mama amekubali kutafuta jiwe jingine la mlango.